Jibu: Ukoo wa wenye duka kijijini Georgia
Dada, umeuliza uanzie wapi kutafuta ukoo wa mumeo, waliokuwa na duka kijijini katika jimbo la Georgia, Marekani, kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861. Anza na sensa ya 1850, ya kwanza kuandika kila mtu huru kwa jina. Ya 1890 usiihangaikie, karibu yote ilipotea baada ya moto wa 1921 kule Washington. Utamu wenyewe uko kwenye madaftari ya R. G. Dun & Co. (kampuni iliyochunguza nani anafaa kukopeshwa), yaliyohifadhiwa Chuo Kikuu cha Harvard: mawakala wake waliwaandika wenye duka wengi, kama mtu analipa madeni au ni mlevi tu. Angalia pia orodha za posta, maana mara nyingi duka ndilo lilikuwa posta. Halafu jikaze: kwenye daftari la watumwa la sensa ya 1860 utakuta jina la bwana, na chini yake umri, jinsia, rangi ya watumwa wake. Majina yao kwa kawaida hamna.