Maswali na Majibu: Umeme na Maji katika Nyumba ya Kupangisha

Swali: Breka ya soketi za jikoni hujikata karibu kila jioni mpangaji wangu anapopika. Fundi anashauri tuitoe hii ya ampea 20 na kuweka ya 32. Nikubali?

Jibu: Usikubali. Breka haikuwekwa kulinda jiko wala birika. Imewekwa kulinda waya uliofichwa ukutani, na ukubwa wake huchaguliwa kwa kufuata unene wa waya huo, ambao kwa soketi za kawaida mara nyingi ni milimita 2.5 za mraba. Mpangaji akiwasha kwa pamoja jiko la wati 2,000, birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,500, jumla ni wati 5,500, na ukizigawanya kwa volti 230 unapata takriban ampea 24. Kwa hiyo breka yako haina ubovu wowote. Ukiweka ya 32 kero itaisha, lakini joto litahamia kwenye waya, plastiki yake italainika taratibu bila mtu kuona, na siku nyumba ikishika moto atakayeulizwa ni wewe, si fundi. Mwambie avute waya mwingine mnene zaidi kutoka kwenye kisanduku cha breka hadi kwenye jiko, nao uwe na breka yake peke yake. Kabla hajaondoka, afungue soketi inayotumika zaidi: skrubu iliyolegea na plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia ni dalili kwamba kiungo hicho kimekuwa kikipata moto, na hilo breka hailitambui.

Swali: Mpangaji anasema hupigwa na umeme kidogo akigusa bomba la kuogea wakati hita ya maji imewashwa. Matengenezo yanaweza kusubiri mwisho wa mwezi?

Jibu: Hayawezi kusubiri hata jioni. Hita izimwe sasa hivi kwenye breka yake na isiguswe hadi fundi afike. Umeme unavuja, na yaelekea waya wa ardhini, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, umekatika au haukufungwa kabisa, jambo ambalo si geni katika nyumba zilizomaliziwa kwa haraka. Fundi akishaurekebisha, afunge pia kifaa kinachokata umeme pindi uvujaji unapofikia miliampea 30. Kifaa hicho kina kitufe cha majaribio. Ukikibonyeza na umeme usikatike, kibadilishe.

Swali: Wapangaji wangu wanne wanatumia mita moja, na kila bili huleta ugomvi. Nigawanye sawa kwa sawa?

Jibu: Mgawo huo humwonea anayeshinda kazini na kumpendelea mwenye friji mbili. Mfungie kila mmoja mita ndogo, na utaratibu wa kulipa uandikwe kwenye mkataba. Taa za uani na pampu ya maji zilipiwe na wewe kupitia mita nyingine ya peke yake, kwa maana hakuna kinachozaa chuki haraka kama mpangaji kugundua kwamba taa ya geti inakula umeme wake. Anapoingia na anapohama, someni mita pamoja na kuipiga picha.

Swali: Anayedaiwa kodi naweza kumkatia umeme?

Jibu: Hapana. Katika nchi nyingi sheria inakataza, na ukifanya hivyo mdai unageuka mshtakiwa. Mpe notisi ya maandishi, kisha ufuate njia za kisheria za kudai deni.

Swali: Bili ya maji imepanda ghafla ilhali wapangaji ni wale wale.

Jibu: Mabomba yote yafungwe, usome mita, kisha uisome tena baada ya saa moja. Ikiwa imesogea, maji yanavuja ndani ya eneo lako. Anza na vyoo, kwa kutia rangi ya chakula kwenye tangi na kuacha nusu saa bila mtu kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa valvu umechakaa na kuubadilisha ni kazi ndogo. Isipoonekana, funga valvu ya kila nyumba moja baada ya nyingine huku mtu akiitazama mita: utakayoifunga mita ikasimama ndiyo inayovuja, na mita ikiendelea kuzunguka hata baada ya zote kufungwa, fundi achimbe kufuata bomba kuu la uani.