Simu baada ya kutoka rihabu: inasaidia, ila si kila simu

Dada, umeuliza kama huu ufuatiliaji wa simu, yaani mshauri kuendelea kuzungumza kwa simu na mtu aliyetoka kituo cha kuacha pombe, ni kitu cha maana au kituo kinatafuta tu njia ya kuagana na kaka yako, kwa kuwa anarudi Kaloleni na kliniki iko Mombasa. Ni kitu cha maana. Mimi nilitoka rihabu nikarudi kijijini ambako mnazi unagemwa nyuma ya nyumba, nauli ya kwenda kila wiki kwenye kikundi cha wanaoacha pombe sina, na simu ndiyo iliyonishikilia. Lakini kuna simu na simu.

Ile ya "ukizidiwa nipigie" peke yake usiitegemee. Hamu ikishapanda mtu hapigi. Atasema salio limeisha, atapiga kesho, mshauri ana watu wengi. Najua AA yenyewe, ule umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ilianza hivyo: Mei 1935 Bill Wilson, akiwa hotelini Akron, Ohio, na baa iko palepale, alipiga simu huku na huku akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, mpaka akaunganishwa na Dkt. Bob Smith. Sawa, lakini wengi wetu si Bill Wilson. Inayofaa ni simu iliyopangwa: mshauri ndiye anapiga, siku ileile, saa ileile, hata wiki ambayo mambo ni shwari.

Na isiwe ya kusalimiana tu. Yangu ilikuwa robo saa hivi, maswali hayabadiliki. Umekunywa chochote? Hamu ilikujia lini, ukiwa na nani? Unalala? Kisha lile lenye uzito: wiki ijayo kuna nini? Nikisema Ijumaa kuna matanga kwa mjomba, hakunihubiria. Aliuliza nitafika saa ngapi, nitakaa upande gani, nani atanirudisha, na wazee wakinisogezea kata nitasema nini. "Sema sasa, nikusikie." Nikasema, "Niko kwenye dawa, nipeni soda." Akanirudisha tena na tena mpaka ikatoka bila kigugumizi. Wapo washauri wasiopenda kisingizio cha dawa, wanataka useme wazi kwamba umeacha. Mimi naona matangani, mbele ya wazee, kisingizio kinachokutoa pale salama kinatosha. Ukweli utausema siku nyingine.

Udhaifu wa simu ni kwamba hainusi. Sauti ikizoea uongo, robo saa inapita vizuri tu. Mshauri wangu ana masikio, siku moja alinikatiza, "Mbona nasikia mipira ya pool?" Nilikuwa kwa kinyozi, baa iko ukuta wa pili, na mazungumzo yote yakageuka kuwa kwa nini ninyolewe hapo. Lakini si wote wana masikio hayo. Kwa hiyo kaka yako akubali, kabla hajatoka, mshauri awe na namba ya mtu wa nyumbani, na wote watatu mjue huyo mtu anaruhusiwa kusema nini. Bila makubaliano hayo ataona mnampeleleza, ataacha kupokea.

Kuna utafiti pia. James McKay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walifuatilia watu waliomaliza hatua ya kwanza ya matibabu ya pombe na kokeini, na mwaka 2005 wakachapisha matokeo ya miaka miwili. Waliopigiwa kila wiki kwa wiki 12, pamoja na kikundi katika wiki 4 za mwanzo, kwa jumla walifanya vizuri kuliko waliokaa kwenye vikundi vya kawaida. Ila waliotoka hatua ya kwanza wakiwa bado na hali tete, kikundi cha ana kwa ana kiliwafaa zaidi. Kama kaka yako alikuwa akinywa hata akiwa kwenye matibabu, tafuteni hiyo nauli.

Simu ya kwanza ipigwe akiwa bado kituoni, aizoee. Namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haina malipo, iwekeni kwenye simu zenu nyote. Na akirudia kunywa sana kisha akaacha ghafla, akatetemeka, akaona vitu visivyokuwepo au akapata degedege, msimpigie mshauri kwanza. Mpelekeni hospitali.