Pilipili ndani ya nyumba toka mbegu hadi kuvuna: kabla ya mbolea, pima mwanga

Mkuu mleta uzi, nimesoma maelezo yako na picha nimeziona. Kwa faida ya wanaoingia sasa hivi: jamaa ameotesha pilipili mbuzi kwenye chumba kisichofikiwa na jua, katundika taa ya LED juu, miche imerefuka ikawa myembamba na inalalia upande mmoja, majani yamepauka, na swali lake ni aongeze mbolea gani. Anataka pia kujua safari nzima mpaka kuvuna. Naona wadau wameshamtajia mbolea za kila aina. Ushauri wangu ni usiweke hata punje moja kwanza. Ukilima ndani, mwanga ndio unaoamua mmea unywe maji kiasi gani na ule kiasi gani. Kama mwanga haupo, hivyo vingine vyote vinageuka mzigo.

Angalia mche wako kwa karibu. Pima kwa kidole toka usawa wa udongo hadi kwenye yale majani mawili ya kwanza. Mche uliopata mwanga wa kutosha unakuwa mfupi hapo, shina nene, wakati mwingine lina kivuli cha zambarau. Wako umepanda juu kwa sababu unatafuta taa ilipo. Nguvu yote imeishia kwenye urefu, ndiyo maana shina haliwezi kubeba majani yake lenyewe.

Shida ni kwamba macho yetu ni waongo kwenye jambo hili. Ukiwa chumbani unaona kweupe kabisa, unasoma gazeti bila tabu, lakini hapo kuna laksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500 tu. Nje, jua la mchana likiwa wazi, ni laksi 100,000 hivi. Jicho linajirekebisha, mmea hauna uwezo huo. Kwa hiyo acha kukadiria. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga upande wa mbele. Pakua programu ya kupima laksi, laza simu pale pale yalipo majani, kioo kikitazama taa. Namba haitakuwa ya kimaabara, ila itakuambia kama uko kwenye 3,000 au 20,000, na hiyo ndiyo tofauti tunayoitafuta.

Malengo yangu kwa taa nyeupe ni haya: miche michanga laksi 10,000 hadi 15,000, mmea unaokua 20,000 na kidogo zaidi, mmea wenye maua na matunda 30,000 kwenda juu. Wanaopenda hesabu: gawanya laksi za LED nyeupe kwa 70 hivi, unapata makadirio ya maikromoli za mwanga unaotumika na mmea kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Laksi 30,000 ni kama 430. Ukiwasha saa 14 mfululizo, kwa siku mmea umepata moli 21 na ushee, na hapo pilipili inazaa bila kulalamika.

Sasa kuhusu hiyo taa. Maboksi mengi yameandikwa wati 1000 kwa herufi kubwa, ukiichomeka kwenye kifaa cha kupima umeme unakuta inavuta 100. Inayohesabika ni hiyo 100. Kwa eneo la sentimita 60 kwa 60, wati 100 halisi za LED nzuri zinatosha hadi kuvuna. LED nzuri ni ile inayotoa maikromoli 2.5 au zaidi kwa kila juli ya umeme (wati moja kwa sekunde moja). Taa inayouzwa kwa ajili ya mimea huwa na namba hiyo kwenye karatasi yake, na isipokuwepo napata wasiwasi. Taa za zambarau zinafanya kazi, sikatai, lakini chini yake majani yote yanaonekana meusi. Huoni njano inaanza wapi wala utitiri umekaa wapi. Mimi nyeupe tu.

Halafu ishushe. Taa iliyo mita moja juu ya mche ni pambo. Ishushe taratibu huku simu ikiwa kwenye usawa wa majani mpaka ufike lengo, kisha weka mgongo wa mkono juu ya majani. Ukihisi joto baada ya dakika moja, pandisha kidogo. Kuta zipake rangi nyeupe isiyong'aa, zinarudisha mwanga vizuri. Mwanga wa saa 24 ambao mdau mmoja kashauri hapo juu usiufuate. Saa 14 hadi 16 kwa taima, zilizobaki giza. Na usihangaike kupunguza saa ili itoe maua. Ua la krisanthemamu ndilo linalosubiri usiku mrefu, pilipili ikishakua inachanua yenyewe.

Miche uliyonayo inaokoleka. Ikifika jozi mbili za majani halisi, ihamishe na ufukie shina hadi karibu na majani yale ya kwanza. Pilipili haitoi mizizi mingi kwenye shina lililofukiwa kama nyanya, ila utaipa msimamo. Weka feni ndogo inayotikisa majani kidogo; shina linalotikiswa linanenepa.

Kwa wanaoanza na mbegu: mbegu ya pilipili haihitaji mwanga kuota, inahitaji joto. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30, pilipili ndefu za kawaida zinaota ndani ya wiki moja hadi mbili. Jamii ya pilipili mbuzi ni wavivu, wiki tatu au hata nne ni kawaida, kwa hiyo usifukue kuchungulia. Zifukie nusu sentimita hadi sentimita moja, funika na plastiki unyevu usitoroke. Kosa kubwa la watu liko siku ya kuota: ukiona kitanzi cha kwanza cha shina kimetokeza, plastiki itoke na taa iwake saa hiyo hiyo. Kurefuka unakokuona kwenye picha zako huanzia hapo, siku mbili tatu za mwanzo.

Kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche, nacho kinapenda hatua hii. Mche unaamka mzima asubuhi, jioni umelala, na ukitazama usawa wa udongo shina limesinyaa kama limebanwa na uzi. Huo haurudi, utoe. Hakuna dawa ya maana zaidi ya udongo safi, maji kidogo na hewa inayozunguka. Ndio maana situmii samadi ya shambani ndani ya nyumba. Inakuja na wadudu na vimelea, na ndani hakuna wadudu kibibi wa kukusaidia kula vidukari wala jua la kukausha. Natumia mboji iliyochekechwa pamoja na nyuzi za nazi na perlaiti (vipunje vyeupe vyepesi vinavyopitisha hewa), theluthi moja hivi iwe perlaiti, chombo kiwe na matundu ya kutosha chini.

Maji ndipo tunarudi kwenye mwanga, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndicho kinachokusumbua. Mmea ulio kwenye mwanga hafifu hunywa kidogo sana. Wewe unamwagilia kila siku kwa ratiba. Udongo haukauki, matundu ya hewa yamejaa maji, mizizi inakosa oksijeni na kuacha kufanya kazi. Mizizi isipofanya kazi, majani ya chini yanageuka njano. Njano hiyo inafanana sana na ya njaa ya naitrojeni, unaongeza mbolea. Mbolea hailiwi, chumvi inajikusanya kwenye udongo, ncha za majani zinaungua, na mtu anarudi hapa kuuliza mbolea nyingine. Mnyororo mzima umeanzia kwenye taa.

Namna ya kujua saa ya kumwagilia: nyanyua chombo. Kinyanyue kikiwa kimetoka kumwagiliwa na kimechuruzika, ukumbuke uzito wake. Usiguse maji mpaka kiwe chepesi kiasi cha kukushangaza. Kisha mwagilia mpaka maji yatoke chini, na yaliyotoka yamwage, chombo kisikae kwenye dimbwi. Ukishaongeza mwanga utaona chombo kinakuwa chepesi haraka zaidi, ndipo ujue mmea umeanza kula.

Mbolea basi. Mche unaishi kwa akiba ya mbegu na kilichomo kwenye mboji mpaka uwe na jozi tatu nne za majani halisi. Baada ya hapo NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) iliyolingana, nusu ya kipimo cha kwenye pakiti. Maua yakianza, punguza naitrojeni na uongeze potasiamu. Mmea ulioshibishwa naitrojeni unakuwa kichaka kizuri cha kijani kisicho na tunda. Anayetumia nyuzi za nazi tupu aangalie kalisi na magnesi, maana nyuzi hizo zina tabia ya kushikilia kalisi. pH (kipimo cha uchachu) ya udongo iwe 6.0 hadi 6.8. Na tunda likioza kitako, usikimbilie kunyunyizia kalisi. Mara nyingi kalisi ipo, ila umwagiliaji wa kushtukiza, leo mafuriko kesho jangwa, unaizuia isifike kwenye tunda.

Chombo cha mwisho kwa pilipili mbuzi ni lita 10 hadi 15. Ukihamisha, panda ngazi: kikombe, lita mbili tatu, kisha cha mwisho. Mche mdogo ndani ya ndoo kubwa unabaki na udongo mbichi muda wote. Ukikata ncha mmea ukiwa na majani nane kumi, utatawanya matawi na hautagonga taa.

Maua yatadondoka. Ya mwanzo mwanzo usiyalilie. Ila yakiendelea kudondoka tazama joto: mchana juu ya nyuzi 32, au usiku usioshuka chini ya 24, chavua inaharibika. Chini ya 15 nako mambo yanasimama. Kwenye kabati lililofungwa taa inapandisha joto kimya kimya, kwa hiyo weka kipimajoto usawa wa majani, siyo ukutani.

Ndani hakuna nyuki, uchavushaji ni kazi yako, na ni kazi ndogo. Ua la pilipili lina dume na jike humo humo. Asubuhi, taa ikishawaka kwa muda, tazama katikati ya ua: vile vichwa vya zambarau vya stameni (sehemu ya kiume) vinapasuka ubavuni na unatokeza unga mweupe wa krimu. Hapo gusa nyuma ya ua kwa mswaki wa umeme uliowashwa, sekunde moja tu, utaona unga unaruka. Asiye na mswaki agonge tawi kwa kidole. Likishika, kikonyo kinabaki kijani na baada ya siku chache petali zinasukumwa na kidonge kidogo cha kijani. Lisiposhika, kikonyo kinageuka njano na ua linaanguka ukiligusa.

Wadudu wa ndani ni walewale, isipokuwa huku wanazaliana bila adui. Vidukari utawajua kwa utando unaonata kwenye majani. Utitiri mwekundu unapenda joto na hewa kavu, angalia vidoa vidogo vya njano na utando chini ya jani. Kuna utitiri mwingine usioonekana bila lenzi, unakunja majani machanga hadi mtu anadhani ni virusi na kung'oa mmea mzima. Kwa vidukari, sabuni ya maji isiyo na blichi, mililita 5 kwa lita moja, nyunyiza chini ya majani taa ikiwa imezimwa, rudia baada ya siku chache. Vile vijinzi vyeusi vinavyoruka ukigusa chombo ni ushahidi kuwa unamwagilia sana. Acha juu pakauke, tega karatasi za njano zenye gundi.

Umeme: waya kabla ya kufika kwenye soketi ulegee na ushuke chini ya soketi, ili tone la maji likiteremka lidondoke sakafuni. Taima na viunganishi vikae juu, mbali na vyombo.

Kuvuna, hesabu miezi minne hadi mitano toka mbegu kwa pilipili mbuzi, aina nyingine huwahi. Ukali unaongezeka mpaka siku 40 hadi 50 baada ya ua kushika, kwa hiyo subiri rangi ikamilike. Kata kikonyo kwa mkasi, ukivuta kwa mkono utavunja tawi zima. Vuna mara kwa mara, mmea uliobeba matunda yaliyoiva unapunguza kuchanua. Ukali wenyewe haumo kwenye mbegu kama wengi wanavyodhani, umo kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Vaa glavu unapopasua. Ukijisahau, paka mafuta ya kula mikononi kwanza halafu sabuni, maana maji peke yake hayaondoi kitu.

Na using'oe baada ya mavuno. Pilipili ni mmea wa miaka kadhaa. Kata matawi yabaki mafupi, punguza maji mpaka machipukizi yatokeze, kisha endelea.

Mkuu, leo shusha taa, acha kumwagilia mpaka chombo kiwe chepesi, halafu rudi na vitu vitatu: laksi ulizosoma usawa wa majani, wati halisi inazovuta taa, na picha ya majani mapya yatakayotoka. Ya zamani yaliyopauka hayatarudi kijani, hayo usiyatumie kupima kama unapona.