Uliza Mama Mbegu: Kila Anayeingia Dukani Ananiona Mfuko wa Kijiji

SWALI: Shikamoo, Mama Mbegu. Nina duka la pembejeo kijijini, huu ni msimu wa tatu. Wateja ninao. Shida ni kwamba mwalimu anataka zawadi za wanafunzi, vijana wanataka jezi, na msimu wa kupanda ukifika nusu ya wateja wanataka mbolea "mpaka tuvune". Nikitoa, mtaji unakatika. Nikikataa, naitwa mchoyo na wengine wanahamia kwa jirani. Nitoe kiasi gani ili wajue niko pamoja nao?
Nimebanwa Kaunta

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilisimama nyuma ya kaunta kama yako miaka 22, mpaka magoti yalipokataa, na jina la mchoyo nililibeba miaka kama minne ya mwanzo. Halikuniua.

Kwanza, umetia vitu viwili kwenye kapu moja. Jezi ni mchango. Mbolea ya mkopo ni biashara, tena ya hatari, na ukiichukulia kama mchango utafunga duka huku kila mtu akikusifu.

Chukua daftari tupige hesabu. Tuseme kwenye kila mia unayouza, faida yako ni tano. Mfuko mmoja ukiondoka usilipwe, umepoteza tisini na tano. Lazima uuze mifuko mingine 19, yote taslimu, ndipo urudi pale ulipokuwa. Hapo hujagusa nauli, kodi ya chumba, wala ile miezi minne mitano ambayo fedha yako imelala shambani kwa mtu ikingoja mvua. Na mvua ikigoma, yeye amekosa zao na wewe umekosa mfuko, kwa hiyo usimwite tapeli kila anayechelewa. Lakini kama nawe umechukua mali kauli kwa msambazaji, yule hangoji mavuno ya mtu.

Mimi niliacha kukopesha mtu mmoja mmoja, nikakopesha kikundi. Watu watano wanaojuana, nusu ya bei wanalipa papo hapo, na mmoja akikwama wenzake wanamjazia. Deni lisipoisha, wote watano hawachukui kitu msimu unaofuata. Si ujanja wangu huo: Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyekuwa meya vijijini Ujerumani, alianzisha chama cha mikopo huko Heddesdorf mwaka 1864 kwa msingi huohuo wa wanachama kudhaminiana. Kwa wasiotaka kikundi, nilikuwa na kadi ya kudunduliza. Mtu akishavuna ana hela, akipanda hana. Basi aje akiwa nazo, aweke kidogo kidogo, nami niandike kwenye kadi yake na kwenye daftari langu, sote tutie sahihi. Msimu ukifika mbolea yake imeshalipiwa.

Michango, tenga fungu mwanzo wa mwaka, kutoka kwenye faida na si kwenye mauzo. Mwambie mwalimu na vijana limebaki kiasi gani. Likiisha, limeisha. Kusema "fungu limekwisha" ni rahisi kuliko kusema "sikupi", na watu hulielewa.

Sasa nikwambie kitu ambacho hukuniuliza. Kijiji hakikumbuki jezi. Kinakumbuka mbegu ambazo hazikuota.

Kila shehena ya mahindi ilipoingia, nilikuwa nahesabu punje 100, nazipanga mistari kumi ya kumi kumi juu ya kitambaa kibichi, nakikunja na kukiweka kwenye sahani pale pale kaunta, kila mtu akione. Siku ya saba nakifunua mbele ya yeyote aliyekuwepo, tunahesabu zilizoota. Watoto wa shule walikuwa wanapita kuchungulia. Kwa kawaida tisini na kitu zilikuwa zimechipua. Msimu mmoja nikafunua kitambaa nikakuta 61, nyingine zimevimba tu na kunuka, na mimi kwa tamaa nilikuwa nimeshaanza kuuza kabla ya siku saba kuisha. Pakiti 40 zilikuwa zimetoka.

Kilichoniokoa ni kitabu cha risiti. Nilikuwa naandika jina la mnunuzi na namba ya bechi iliyo kwenye pakiti. Nikapanda baiskeli, siku mbili, nyumba kwa nyumba. Wote nikawapata isipokuwa watatu, na wengi walikuwa hawajapanda. Nikawarudishia fedha. Msambazaji aligoma kunirudishia, akasema nimezihifadhi vibaya, na hasara ikabaki kwangu. Niliumia, sitakudanganya. Lakini mwaka ule hakuna aliyehamia kwa jirani.

Hata mbolea ni hivyohivyo. Mteja anakuja na hela ya mfuko mmoja, anataka ule wa bei ya chini. Mwonyeshe namba zilizo kwenye mfuko. Urea ni asilimia 46 naitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za kile anachokitafuta. CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, ikiwa ya asilimia 26 ina kilo 13. Agawe bei kwa hizo kilo, ndipo aamue. Ila mwambie na upande wa pili: Urea ikimwagwa juu ya udongo wenye joto ikaachwa wazi, sehemu yake inaruka hewani kama gesi, na afadhali aifukie. Aliyewahi kuelezwa hivyo haulizi tena kwa nini hukumchangia.

SWALI: Mama, wateja wanakuja na chupa za soda niwapimie dawa ya wadudu kidogo kidogo. Nikikataa nakosa mauzo.
Kipimo Kidogo

JIBU: Kataa. Chupa ya soda haina lebo, haina kipimo, haisemi mtu angoje siku ngapi kabla ya kuvuna, na mtoto mwenye kiu hajui kilichomo ndani. Agiza vifungashio vidogo vya kiwandani. Na anayenunua mwambie chupa ikiisha aisuuze mara tatu, maji hayo ayarudishe kwenye bomba la kupulizia, kisha aitoboe isije ikageuka chombo cha maji.

SWALI: Nikidhamini timu ya vijana, je, ni haki jina la duka liandikwe kwenye jezi, au nitaonekana najitangaza?
Mdhamini Mtarajiwa

JIBU: Liandike, kwa herufi kubwa. Umelipa. Ila ujue linakwenda na matokeo. Jezi zangu za kwanza zilifungwa mabao saba siku ya ufunguzi, na wiki nzima iliyofuata kila aliyekuja kununua mfuko aliniuliza kama na mbolea yangu nayo inacheza hivyohivyo.