Mimi ndiye niliyekuwa nadai, kumbe nadaiwa

Mleta mada, pole sana. Umesema dada yako amepangisha nyumba ya marehemu mzee wenu mwaka wa nne sasa, kodi anakula peke yake, na mchungaji anakwambia usamehe ukae kimya. Unauliza kama kusamehe ndiyo kuiacha hela. Nikujibu kwa yaliyonikuta, maana mimi na kaka yangu tulikaa miaka mitano bila salamu kwa sababu ya machungwa.

Kwetu ni Muheza. Mzee alituachia shamba la michungwa, si kubwa, ila msimu ukikubali fuso zinakuja kubeba. Mimi naishi Tanga mjini, kaka ndiye aliyebaki shambani. Misimu miwili ya mwanzo alinitumia changu. Wa tatu, kimya. Nikaja kusikia kwa watu kwamba matunda kayauza yangali machanga mitini na hela kapewa mkononi. Sikumuuliza. Nilikaa nalo moyoni hadi likachacha.

Mwaka huohuo mama akafariki. Kwenye matanga tumekaa mkekani, kaka akaanza kusoma michango ya ndugu, nami nikasema kwa sauti, mbele ya wazee: "Leo mwizi ndiye anatuhesabia hela?" Kaka akakunja karatasi yake, akanyanyuka. Mimi nikarudi mjini nikijiona mwanamume. Usingizi nilipata, nisidanganye.

Sasa huko kanisani. Sisi ni Waanglikana, kwetu ni upande wa Magila, misheni ya UMCA (wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza) ya tangu enzi za mababu. Kwenye ibada yetu watu wanapeana amani kabla ya sadaka. Wakatoliki wanapeana baadaye, wakishasali Baba Yetu. Miaka yote nilishika mikono ya majirani wa benchi bila kujiuliza kwa nini amani inatangulia. Jumapili moja likasomwa somo la Mathayo 5. Ule mstari wa 23 nilikuwa nauelewa hivi: kama una kinyongo na ndugu yako, nenda mkapatane. Haisemi hivyo. Inasema ukikumbuka kuwa ndugu yako "ana neno juu yako". Yaani yeye ndiye ana neno, juu yangu mimi! Nilikuwa nimeshika noti ya elfu mbili. Niliitoa hivyohivyo, kuiacha madhabahuni mbele ya watu sikuweza, lakini siku hiyo hata mahubiri sikuyasikia.

Nikampigia mjomba. Mjomba wetu ni Mwislamu (wa Tanga mnajua, nyumba moja ina Pasaka na Idi). Akaniambia, "Mwanangu, ukifika kwa kaka yako, habari ya machungwa usiitie mdomoni. Kaombe radhi ya lile neno lako, uondoke." Nilibisha kidogo, maana kwa hesabu zangu mimi ndiye niliyeibiwa. Akakata simu.

Jumamosi nikapanda gari pale stendi ya Kange. Nilimkuta kaka kakaa nje, akasema "karibu" basi. Akachukua chungwa, akalimenya, ganda likashuka kama utepe mmoja hadi likagusa chini, akalikata kofia, akanipa. Nikashindwa kulinyonya. Nikamwambia, "Kaka, lile neno la siku ya matanga nimekuja kulirudisha. Naomba unisamehe." Alikaa muda mrefu anafuta kisu kwenye suruali. Kisha akasema, "Wanangu walikuwepo." Hakuongeza kitu. Hakusema amenisamehe, wala hatukukumbatiana. Nikarudi mjini na chungwa langu mkononi.

Ya hela yalikuja baada ya miezi kadhaa, na yeye ndiye aliyeanza. Tulikaa na mjomba na wazee wawili. Msimu ule ulikwenda kwenye dawa za mama, kwa sehemu. Sehemu nyingine alikula, alikiri mwenyewe. Ya nyuma niliachia. Ya mbele yanaandikwa kwenye daftari na tunasaini wote wawili.

Kwa hiyo mleta mada, huo ukimya mchungaji wako kautoa wapi? Luka 17:3 inasema ndugu yako akikosa mwonye, akitubu msamehe. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, hakuishia kumpokea Yesu kwa furaha, aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Kusamehe unaweza leo, peke yako, umelala kitandani. Kupatana kunahitaji naye aje, na hesabu ziwekwe mezani. Kama hakuna msimamizi wa mirathi, nendeni mahakamani ateuliwe. Huko si kumchukia dada yako, na mkichelewa mtawaachia watoto wenu ugomvi. Ila kabla hujaenda, jikumbushe vizuri kama hakuna neno ulilomrushia wewe. Umeandika mistari kumi juu ya kodi na nusu mstari kwamba "tulitupiana maneno msibani". Mimi hiyo nusu ndiyo iliyonishtua.

Msimu wa juzi kaka alinipigia mwenyewe kuwa fuso imefika. Kucheka kama zamani bado. Na mwanawe mkubwa hadi leo ananiamkia "shikamoo baba mdogo" huku anaangalia chini. Huyo naye ananidai radhi, na sijapata pa kuanzia.