Kabla ya Kulipa Kodi ya Chumba Dar es Salaam, Piga Hesabu ya Nauli

Kijana anayeanza maisha Dar es Salaam huuliza mambo matatu anapotafuta chumba: kodi ni shilingi ngapi, mwenye nyumba anataka ya miezi mingapi, na kama maji na umeme vipo. Swali la nne, ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kutangulia yote, huja akiwa ameshahamia: kutoka hapa hadi kazini nitapanda magari mangapi, na je, saa kumi na mbili asubuhi magari hayo yanapatikana? Mimi ni mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Nimewahi kuishi Mbagala, sasa naishi Kimara, na kwa miaka mingi wadogo zangu na wafanyakazi wenzangu wamekuwa wakinijia na hesabu zao kabla ya kutoa fedha. Ninachowaambia ni kwamba kodi na nauli ni gharama moja, na anayezitenganisha hulipa zaidi ya uwezo wake bila kujua fedha zinakopotelea.

Tuchukue mfano wa vyumba viwili. Cha kwanza kodi yake ni shilingi 50,000 kwa mwezi, lakini kiko ndani sana, hivyo mpangaji hupanda bodaboda ya shilingi 1,000 hadi barabarani, kisha daladala mbili za shilingi 600 kila moja. Cha pili kodi yake ni shilingi 100,000, kiko mahali ambapo mtu anatembea kwa miguu hadi kituoni na kupanda gari moja tu la shilingi 600. Kwa siku 26 za kazi, kwenda na kurudi, mpangaji wa chumba cha kwanza atatoa shilingi 52,000 za bodaboda na shilingi 62,400 za daladala, jumla shilingi 114,400. Wa chumba cha pili atatoa shilingi 31,200. Ukijumlisha kodi na nauli, chumba kinachoitwa cha bei nafuu kinagharimu shilingi 164,400 kwa mwezi, na kile kinachoitwa cha ghali kinagharimu shilingi 131,200. Tofauti ya shilingi 33,200 kila mwezi inafika shilingi 398,400 kwa mwaka, fedha ambayo kwa muuza duka wa Kariakoo si ndogo hata kidogo.

Kwa nini basi watu wengi huchagua chumba cha kwanza? Si kwamba hawajui hesabu. Wenye nyumba wengi wa jiji hili hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mtu mwenye shilingi 300,000 mkononi hawezi kutoa 600,000. Nauli, kwa upande wake, hutoka kidogo kidogo, mia sita asubuhi na mia sita jioni, na hakuna siku hata moja ambayo mtu anaiona ikiwa imekusanyika pamoja. Lakini katika miezi sita ileile, tofauti ya nauli na bodaboda peke yake ni shilingi 499,200, ambazo zinazidi zile 300,000 alizoshindwa kuongeza mwanzoni. Ndiyo maana nawashauri vijana wanaocheza mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu kazini au walio kwenye kikoba waiweke zamu yao kwenye kodi ya chumba kilicho karibu na kituo kabla hawajafikiria runinga au kochi, na wajaribu pia kuzungumza na mwenye nyumba juu ya kodi ya miezi mitatu. Wapo wanaokubali, hasa chumba kikiwa kimekaa muda bila mpangaji.

Kuhusu wapi pa kutafuta chumba, itazame ramani ya jiji kwanza. Barabara kubwa zinazoingiza watu mjini ni nne, yaani Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, na zote huelekea katikati ya jiji kama mikono. Anayeishi Mbagala na kufanya kazi Kariakoo anasafiri juu ya mkono mmoja, kwa hiyo safari yake inaeleweka hata ikiwa ndefu. Anayeishi Mbagala na kufanya kazi Tegeta lazima atoke kwenye mkono mmoja na kuingia mwingine, na hapo ndipo magari yanapozidi mawili na saa zinapopotea. Barabara zinazokata katikati ya mikono hiyo ni chache: Mandela na Sam Nujoma, zinazounganisha bandari, Tazara, Buguruni, Ubungo na Mwenge, na Kawawa, inayotoka Ilala kupitia Magomeni hadi Morocco. Kama kazi yako inabadilika mahali mara kwa mara, kaa karibu na mojawapo ya makutano hayo. Buguruni, Ubungo na Mwenge zina kelele na vumbi, lakini mtu wa hapo hufika karibu kila kona ya jiji kwa gari moja.

Muda nao una thamani, ingawa hauonekani kwenye daftari. Baba anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku huwaacha watoto wamelala na kuwakuta wamelala, na mambo mengi tunayoyaita matatizo ya malezi yanaanzia hapo. Kwa sababu hiyo siwezi kuuzungumzia mradi wa mabasi ya mwendokasi kwa ubaridi. Ulipoanza kufanya kazi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, njia yenye urefu wa takriban kilomita 21, tuliokuwa tukikaa kwenye foleni ya Ubungo mpaka miguu ikavimba tulianza kufika nyumbani jua likiwa bado lipo. Siri yake ni njia iliyotengwa. Basi refu la mita 18 hubeba abiria wapatao 150, na abiria hao wakihamia kwenye magari madogo, mtu mmoja au wawili kwa kila gari, watajaza kipande kirefu cha barabara. Mwenye gari lake naye ananufaika na basi asilolipanda, kwa kuwa kila aliyemo ndani yake angeweza kuwa mbele yake kwenye foleni.

Ninasema hivyo nikijua udhaifu uliopo. Magari yakiwa machache kuliko watu, abiria hujazana kituoni mpaka wengine wanakata tamaa na kurudi kwenye bodaboda, na mvua kubwa zikinyesha Mto Msimbazi hufurika na kufunga kipande cha Jangwani. Njia iliyotengwa bila magari ya kutosha ni fedha za umma zilizolala. Jiji hili lilihesabiwa kuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 na watu 5,383,728 mwaka 2022, yaani limeongeza zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi, na hakuna upanuzi wa barabara unaoweza kuwafuata watu wote hao kama kila mmoja atakuja na gari lake. Tulishaliona jambo hili zamani. Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA), lililoundwa mwaka 1974, lilishindwa kuwabeba wakazi waliokuwa wakiongezeka, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria. Daladala zilizaliwa kutokana na upungufu huo, na mpaka leo ndizo zinazofika kule ambako basi kubwa halifiki.

Thamani ya daladala inazidi kule inakokupeleka. Dereva na konda wanakula kwayo, na nyuma yao wapo fundi wa gereji, muuza vipuri, kijana anayeosha magari usiku na mama lishe anayepika pale kituo cha mwisho. Nenda Soko la Samaki la Feri asubuhi mapema utawaona kina mama wakitoka kwenye mnada na ndoo za samaki, wakielekea Mbagala, Temeke na Tandika, ambako watawakaanga na kuwauza jioni. Siku moja nilikaa na mmoja wao kwenye siti ya nyuma, ndoo yake ikiwa katikati ya miguu yetu, imefunikwa kwa mfuko wa sandarusi na kufungwa kwa kamba ya katani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na kwa kuwa mazungumzo ya fedha hayanishindi, nilimuuliza anapangaje bei. Alinieleza kwamba ndoo inalipiwa nauli yake mbali na yeye, na kwamba nauli zote mbili huzigawanya kwa idadi ya vipande. "Nauli ikipanda sipandishi bei, mwanangu, wateja wangu watakimbia," aliniambia. "Napunguza kipande." Tangu siku hiyo kila ninaposikia tangazo la nauli mpya huwa nafikiria mtoto wa Mbagala Charambe ambaye hajapanda gari wala hana habari na nauli, lakini usiku ule samaki wake amekuwa mdogo.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni wanafunzi. Nauli yao ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na mtu mwenye roho nzuri anaweza kumlaumu konda anayeziba mlango akiona sare za shule. Mimi namlaumu pia, ila nataka tulitazame shina. Madereva wengi hawana mshahara wa mwezi. Wanakabidhiwa gari asubuhi na kutakiwa kumpelekea mwenye gari hesabu ya siku, iwe mvua iwe jua, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao na konda. Kwa mpango huo kila mwanafunzi anayeingia asubuhi anaonekana kama pengo kwenye hesabu. Mwendo wa hatari, kugombania abiria na kukatisha ruti vinatoka kwenye chungu hichohicho. Dereva akiwa na mkataba na mshahara, sababu ya kumkimbia mtoto inapungua sana, na mwenye gari anayesoma hapa namwomba alifikirie jambo hilo kwa uzito wake.

Wakati tunasubiri mabadiliko hayo, mzazi mwenye uwezo wa kuchagua achague shule ambayo mtoto ataifikia kwa miguu au kwa gari moja, hata kama ile ya mbali inasifiwa zaidi. Binti anayesimama kituoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, akipitwa na magari mfululizo, ndiye anayekuja kuambiwa na mwenye bodaboda, "Panda tu, dada, nitakufikisha bure," na sote tunajua safari kama hizo zinaweza kumfikisha wapi. Abiria watu wazima nao wana wajibu. Konda akizuia wanafunzi, mlioko ndani mkisema kwa pamoja, "Waache wapande," mara nyingi atasogea. Nimeona jambo hilo likifanikiwa, na nimeona likishindikana pale aliyesema alipokuwa peke yake.

Pamoja na dhiki zote hizo, ndani ya gari kuna utu ambao sipendi tuusahau tunapozungumza juu ya fedha. Aliyekaa humpokea aliyesimama mkoba wake bila kuulizwa, na mama aliyebeba mtoto mgongoni anaweza kusema, "Kaka, naomba unipakatie," akamkabidhi mtu asiyemjua mtoto wake hadi Tandika. Mwanasheria wa Posta na mbeba mizigo wa Kariakoo hukaa bega kwa bega na kusikiliza taarifa ya habari ileile. Sijui mahali pengine katika jiji letu, ukiacha nyumba za ibada na msibani, ambapo watu wa vipato tofauti kiasi hicho hukaa pamoja kila siku.

Kwa msafiri wa kila siku nina ushauri mfupi. Jua nauli halali ya ruti yako, ambayo hupangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa ardhini, na uwe na chenji asubuhi. Gari likikatisha ruti usishuke kimya kimya, kwani hilo ni kosa. Dai nauli yako na andika namba ya gari. Ukiweza kuondoka nyumbani nusu saa kabla ya wengine, utapata siti na utafika bila kuchoka, na nusu saa hiyo unaweza kuitumia kusoma. Kuhusu gari la mkopo, piga hesabu ya mafuta, maegesho, bima na matengenezo kwa mwezi, kisha uilinganishe na nauli yako kabla ya kusaini chochote. Wapo wanaolihitaji kweli, wenye wagonjwa nyumbani au kazi za usiku, na hao siwazuii.

Waajiri wa Kariakoo na Posta nao wanaweza kufanya jambo ambalo haligharimu fedha. Duka letu lilikuwa likiwataka wafanyakazi wote waingie saa mbili kamili, na waliotoka mbali walikatwa mshahara kwa kuchelewa. Nilimwonyesha mwenye duka daftari la mahudhurio, nikamweleza kwamba kabla ya saa tatu na nusu wateja ni wachache, na kwamba wauzaji wawili wa jirani wanatosha kufungua. Alikubali wanaotoka Mbagala na Gongo la Mboto waingie saa tatu na kubaki hadi saa ya kufunga, na wale wa karibu waingie mapema na kutoka mapema. Makato ya kuchelewa yamekwisha, na jioni duka lina watu wa kutosha pale wateja wanapokuwa wengi. Mwenye ofisi anayetaka kujaribu aanze kwa kumuuliza kila mfanyakazi anapanda magari mangapi, kisha apange zamu akianzia na yule anayepanda matatu.