Je, akili peke yake inaweza kusimamisha haki za wote?
Mkuu, umeuliza kama akili, bila dini wala mila, inaweza kutoa kanuni inayomfunga kila mtu. Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Chukua kipimo cha mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant cha mwaka 1785. Taja nia yako: "nitakopa kwa kuahidi kulipa, huku nikijua sitalipa." Ifanye sheria ya watu wote. Hakuna atakayeamini ahadi ya mkopaji tena, kwa hiyo hata hila yako haiwezekani.

Kipimo huharibika nia ikibanwa mno, mfano "nitadanganya Jumanne tu, kwa deni hili." Hiyo hupita! Kwa hiyo, unapotaja nia, andika sababu halisi inayokusukuma.

Kwa upande wa haki, naliamini zaidi sharti jingine la Kant: usimtumie binadamu kama chombo tu. Linaharamisha utumwa moja kwa moja, ila halisemi nani alipie matibabu.